Ubeti wa Ndani

Kuna harufu moja ambayo nikikutana nayo hata leo, miguu inagoma kwenda mbele. Ni harufu ya gunia la ngano lililofutiwa oili ya mashine. Juzi nilikutana nayo mjini, kwenye duka la chakula cha mifugo, muuzaji amefunika mzani wake kwa gunia kuukuu. Nikasimama mlangoni, sinunui wala siondoki, mpaka kijana wa watu akaniuliza, "Mama, nikupatie nini?" Ningemjibu nini? Ningemwambia natafuta kanisa, angeniona nimechanganyikiwa.

Lakini ndivyo lilivyonuka kanisa letu la kwanza. Lilikuwa banda la magunia yaliyoshonwa kwa sindano ya kiwandani na kuwambwa kwenye miti, likaegemezwa ubavuni mwa nyumba ya udongo ya Fundi Lazaro, nje kidogo ya mpaka wa shamba la ngano la serikali. Upepo wa Hanang ukivuma, kuta zilitanuka na kusinyaa, na sisi watoto tuliamini kwamba hapo ndipo Roho anaposhuka. Jua likiwaka, oili iliyokuwa kwenye yale magunia ilianza kunuka, na mpaka leo mimi nikisikia mtu anasali kwa moyo, pua yangu inatafuta oili.

Nyie wenzangu mliokulia upande ule mtakumbuka jinsi ngano ilivyokuwa. Sisi tulikuwa tumeteremka kutoka Maretadu, ambako shamba ni kipande cha mahindi na maharage kilichoning'inia mlimani, unamwona jirani anapalilia ng'ambo na mnaongea bila kupaza sauti. Baba alipata kazi ya trekta, akatuchukua, na Bibi mzaa baba akaja nasi huku akinung'unika njia nzima. Tulipofika nikaona shamba lisilo na mwisho. Kombaini, zile mashine za kuvunia, zilipita zikiwa kubwa kuliko nyumba yetu. Katikati ya ngano yalibaki matuta machache ya udongo, na nilipouliza ni ya nini, Bibi aliniambia ni makaburi ya wazee wa Watatoga, waliokuwa wakichunga pale kabla ya ngano kuja. Mengine yalikuwa yameshalimwa. Kina mama wa Kitatoga walipita pembeni na ng'ombe wao, wakitazama tu.

"Hii nchi ni ya wale," Bibi alisema. "Mtu ni wa pale alipozika. Mimi huku sijazika mtu. Mimi ni wa Maretadu." Alilisema hilo mara nyingi mno, hasa baba alipochelewa kurudi na uji ukapoa.

Fundi Lazaro naye alikuwa hajazika mtu. Alikuwa ametoka Burundi, kwa miguu, akapita Kigoma, akazunguka huku na kule mpaka sikio lake la injini likampatia kazi kwenye karakana ya shamba. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye viganja vilivyoshika weusi usiotoka hata kwa sabuni ya mchanga. Alianza kusali na wenzake kivulini mwa kombaini wakati wa chakula cha mchana. Msimamizi akasema karakana si mahali pa kupigia kelele, basi akawahamishia nyumbani kwake. Walikuja Wanyaturu, Wasukuma, Wahehe, Wapare, watu wa kila kona waliofuata mshahara wa ngano. Mama yangu alibatizwa kigangoni kule kwetu, lakini siku moja alipita pale akasikia wimbo, akasimama, akaingia. Baba alimtania kwa wiki nzima kwamba ameolewa na walokole. Mama alicheka, na Jumapili iliyofuata akaenda tena, akanishika mkono.

Wimbo aliousikia ulikuwa wa Debora, mke wa Fundi. Debora alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mumewe, na alipokuwa anaongea ilikuwa lazima umsogelee ndipo umsikie. Lakini akiimba, hata watu wa karakana waliweka spana chini. Wimbo wenyewe alikuja nao kutoka kwao na akautia Kiswahili yeye mwenyewe. Ni wa watu waliofika mlangoni jioni. Ubeti wa kwanza wanaimba wasafiri: wametoka mbali, miguu ina vumbi, tufungulie. Ubeti wa pili anaimba mwenye nyumba: nawa miguu, ingia, chakula kipo. Ubeti wa tatu wanaimba wote pamoja: funga mlango, nje kuna baridi, humu ndani hakuna mgeni.

Mimi nilimpenda Debora kupita kiasi. Hakuwa na mtoto, na mimi nilikuwa mtoto pekee nyumbani, kwa hiyo tulipeana nafasi. Alinisuka nywele bila kunivuta. Alinifundisha kuhesabu kwa Kirundi, nikaenda kumringishia Bibi, Bibi akasema kelele za kuku. Kisha tumbo lake likaanza kuonekana. Aliniwekea mkono wangu pale juu, akasema, "Msalimie mdogo wako, Paulina." Nilimsalimia kila siku. Nilimwambia habari za shule, na za jogoo wetu mkorofi.

Mtoto alizaliwa amekufa. Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa na mama kwamba mtoto "hakukaa," na kwa kuwa nilikuwa mdogo nilielewa kwamba hakukaa sasa, atakaa baadaye. Fundi alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba, akaweka mawe. Ndugu wa kanisani walikuja wakaimba nyimbo za ushindi, wakamwambia Debora asilie, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, ashangilie. Nilimwona amekaa kwenye mkeka akijitahidi kushangilia. Midomo ilikuwa inatikisika, sauti haitoki.

Siku chache baadaye maji yakaisha ndani ya nyumba yao. Debora akachukua ndoo akaenda kisimani, akapita njia ile ile tuliyopita sote, akawasalimia kina mama aliowakuta. Hakuna aliyemjibu. Mmoja mmoja waliinua ndoo zao, wengine zikiwa nusu, wakaondoka. Mimi nilikuwepo na kidumu changu. Nilimwona amesimama peke yake kando ya maji, kamba mkononi, akitazama migongo ya watu ambao jana yake walikuwa wakimwita dada.

Kwetu Wairaqw, na ndio tuliokuwa wengi pale kisimani, nyumba iliyopoteza mtoto wa namna hiyo inakaa. Haiendi kisimani, haipiti njia kuu, haishikani mikono na watu, haichanganyi mifugo. Inakaa ndani ya mpaka wake mpaka muda uishe na wazee waifungue. Hiyo tunaiita metimani. Kila mtoto wa kwetu anaijua kama anavyojua kutogusa moto, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Jioni ile Bibi alijifunga shuka lake, akanichukua nimsindikize kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alisimama njiani, mbali kabisa na mlango.

"Fundi! Toka tuongee. Mimi siingii."

Fundi akatoka akijifuta mikono. "Shikamoo, bibi. Karibu ndani."

"Marahaba. Nimesema siingii. Mke wako leo amechota maji?"

"Ndiyo, bibi. Tulikuwa hatuna hata ya kunywa."

"Nyumba iliyopoteza kichanga haiendi kisimani. Inakaa metimani. Hamkuambiwa?"

Fundi akatabasamu kwa upole, tabasamu lile la mtu anayetaka kukuelimisha. "Bibi, sisi tumeokoka. Damu ya Yesu imetusafisha. Hatuna unajisi."

"Mungu wako sina ugomvi naye," Bibi akasema. "Mimi naongea habari ya maji. Kisima ni cha watu wote."

Akageuka. Tulipokuwa tumeshapiga hatua akarudi tena, akapaza sauti, lakini safari hii hakumwambia Fundi. Alimwambia yule aliyekuwa ndani. "Binti! Kaa. Usitoke. Kaa upumzike." Kisha tukaondoka, naye akinilaumu kwamba namkanyaga.

Jumapili iliyofuata kanisa la magunia lilikuwa na mama, mimi, na vijana wawili wa karakana ambao hawakuwa na mke wa kuwakataza. Hata Wasukuma na Wapare walikuwa hawaji, maana walioa kwetu, na wake zao waliwaambia wachague. Ndama wa jirani akafa, ikasemwa ni kwa ajili ya yale maji. Mvua ikachelewa, ikasemwa hivyo hivyo. Baba, ambaye hakuwa mtu wa mila sana wala wa dini sana, alimwambia mama kwa sauti ya chini kwamba kwa sasa apumzike kwenda kule. Mama akaendelea kukunja nguo yake ya kanisani, na baba akalijua jibu lake.

Siku moja mama aliporudi kutoka shambani alisikia kwamba Fundi anafunga mizigo. Kuna mtu alimwambia Tabora wanatafuta fundi wa mitambo. Mama alinishika mkono tukaenda. Tulisimama pale pale aliposimama Bibi. Sanduku la spana lilikuwa nje, limefungwa kamba, na godoro limeviringishwa.

"Tunaondoka, mama Paulina," Fundi akasema. "Nimechoka kukimbizwa. Hapa hawatutaki."

Mimi nikaanza kulia kwa sauti, maana nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba Debora anaweza kuondoka mahali nilipo. Hapo ndipo yeye alipotokea mlangoni. Alijifunga khanga kifuani, nywele hazijachanwa.

"Mimi siendi," alisema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Lazaro, tulipokimbia kwetu, mama yangu alifia njiani. Nilimlilia natembea. Tulimfukia kwa mikono, tukatembea. Sasa huyu mwanangu sitamlilia natembea." Alikuwa anaongea kwa sauti yake ile ile ndogo, lakini wote tulimsikia. "Yule bibi aliniambia nikae. Tangu tuvuke mpaka hakuna mtu ameniambia kaa. Wote wananiambia twende, inuka, shangilia. Mimi nataka kukaa."

Fundi Lazaro alikaa chini juu ya sanduku la spana. Alikaa muda mrefu, ameinamisha kichwa, viganja vyake vyeusi vimening'inia katikati ya magoti. Nadhani alikuwa anaomba, au alikuwa analia, na kwa mtu kama yeye hayo mawili yalikaribiana sana. Mwishowe aliinuka akafungua kamba.

Kesho yake matawi ya miiba yalikuwa yamelazwa kuzunguka nyumba yao. Bibi ndiye aliyeelekeza kwa fimbo, kutoka mbali, kama msimamizi wa barabara. Ilibaki shida moja: Fundi akikaa ndani kazi itampotea, na serikali haijui metimani ni kitu gani. Wazee walikuna vichwa. Bibi akatoa hukumu. Karakana ina sakafu ya saruji, akasema, na saruji ni ya serikali, si ardhi yetu, kwa hiyo mwiko haushiki pale. Mradi Fundi apite barabara ya kombaini, asipite njia ya watu, na maji achukue kwenye bomba la karakana, asiguse kisima. Watu waliridhika. Nimekutana na wanasheria wengi katika maisha yangu, na sijaona aliyemaliza jambo haraka vile.

Jumapili ikafika. Kanisa lilikuwa ndani ya miiba, na ndani ya miiba haingii mtu. Mama alivaa nguo yake ya kanisani, akaenda akasimama nje ya mpaka, akaanza kuimba ule ubeti wa wasafiri, peke yake, na mimi namsaidia kwa aibu. Wametoka mbali, miguu ina vumbi. Tulipomaliza tukanyamaza, hatujui tufanye nini. Kisha kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa udongo na ukuta wa magunia, Debora akaitikia. Nawa miguu, ingia, chakula kipo. Alituimbia karibu, na wote tulijua kwamba hatuwezi kukaribia. Mama aliziba uso kwa khanga.

Habari zilienea. Kuimba nje ya miiba hakuvunji mwiko wowote, kwa hiyo Jumapili ya pili wakarudi wale Wapare na Wasukuma, na safari hii walikuja na wake zao. Jumapili ya tatu walikuja watu ambao walikuwa hawajawahi kukanyaga kwa walokole, na wasingekanyaga kama kungekuwa na mlango wa kuingia. Walisema wanakuja kumpa pole. Mimi nadhani walikuja kusikia sauti ile ikitoka ndani. Fundi alihubiri amesimama upande wake wa miiba, sisi upande wetu. Hata Bibi alikuja na kigoda chake. Alisema hakuja kusali, amekuja kulinda mpaka asije mpumbavu mmoja akavuka. Alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka, na ubeti wa tatu ulipofika nilimwona anatikisa kidole cha mguu.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakijua mimi. Tulikuwa na kuku wa Bibi aliyeatamia chini ya kihenge, na Bibi alikuwa mkali kama pilipili: usimsogelee, usimshike, usimletee kelele, ukimsumbua mayai yataharibika. Mwache akae mpaka muda wake uishe. Maneno hayo hayo ndiyo aliyoyasema kuhusu Debora. Mwache akae mpaka muda wake uishe. Basi mimi nikaunganisha mambo. Nikaelewa kwamba mtoto hakukaa mara ya kwanza, na sasa Debora amefungiwa ndani, katulia, hashikwi na mtu, ili mtoto arudi. Niliona ni jambo la busara sana. Nilipopeleka kuni na kuziacha kwenye miiba, nilinyata, na nilimkemea kila mtoto aliyepita na gurudumu la kelele. Nilimtengenezea yule mdogo wangu mwanasesere wa magunzi ya mahindi, nikamfunga kitambaa, nikamficha chini ya kitanda akingoja siku yake.

Ngano ikaiva. Shamba zima likawa la njano, kombaini zikaanza kuunguruma tangu alfajiri, pumba zikajaa hewani na kila mtu akakohoa. Siku mavuno yalipokaribia kwisha, wazee wakasema muda umetimia. Watu walikusanyika. Kondoo akachinjwa. Mzee mmoja akasimama akaomba ile dua yetu ndefu, anayosema mmoja na wote wanaitikia kwa mvumo wa pamoja, kuwaombea watu na mvua na mifugo, na mabaya yote yaende na jua likitua. Fundi Lazaro alisimama pembeni, macho yamefumbwa, midomo inatembea kwa maombi yake mwenyewe. Hakuitikia dua ya wazee, na hakuipinga. Kisha matawi ya miiba yakaburutwa kando.

Debora akatoka. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umetulia, amevaa gauni safi. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Nilimtazama nyuma yake, mlangoni. Nikamzunguka. Nilikuwa nimemkumbatia mwanasesere wangu wa magunzi. Nikauliza kwa sauti, mbele ya wazee na kanisa na kila mtu, "Mtoto yuko wapi?"

Mama alinyoosha mkono anivute, akashindwa kunifikia. Bibi alitazama chini.

Debora alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Akamchukua yule mwanasesere, akamtazama, akamweka kifuani kama kwamba mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana hivyo.

"Yuko pale nyuma ya nyumba, Paulina," alisema. "Amelala. Haamki tena. Nimemzika hapa, kwa hiyo mimi sasa ni mtu wa hapa. Siondoki."

Nilielewa. Sijui nilielewa kwa akili gani, lakini nilielewa yote kwa mara moja, nikalia, naye akalia, na hakuna aliyemwambia ashangilie. Nilipoinua macho nilimwona Bibi amesogea. Alimshika Debora mkono, mkono kwa mkono, mbele ya watu wote, akamwinua. "Umesikia?" akamwambia mwanawe, yaani baba yangu, kama vile yeye ndiye aliyebisha. "Huyu ni wa hapa. Mimi na wewe ndio wageni."

Jumapili iliyofuata miiba haikuwepo. Njia ilikuwa wazi. Lakini mazoea yana taabu: watu walifika pale pale palipokuwa mpaka, wakasimama, wakaimba ubeti wa kwanza. Debora, aliyekuwa uani, ikabidi akimbilie ndani ili aitikie. Kisha ndipo wakaingia. Na hivyo ndivyo ikawa.

Yaliyofuata nyie mnayajua, au mnajua yanayofanana nayo. Magunia yakawa udongo, udongo ukawa tofali. Shamba la serikali lilipoanza kufa, mashine zikikaa bila vipuri na mishahara ikichelewa, wafanyakazi wakarudi makwao, Singida, Mwanza, Iringa, Same, na kila mmoja akaenda na wimbo. Walianzisha vikundi sebuleni mwao, wakamwita Fundi aje awabatizie watu. Alisafiri kwa malori na sanduku la spana, maana alisema gari likiharibika njiani Injili nayo inalala. Baadaye serikali ikataka usajili, kanisa likapata jina refu, katiba na mhuri. Makao makuu yakahamia Dodoma. Fundi akawa mchungaji, akawa askofu, akawa askofu mkuu, na waliozoea kumwita Fundi wakaonekana hawana adabu. Debora akawa Mama Askofu, wakapata watoto wengine, na mimi nikakua, nikasoma, nikaolewa mbali. Bibi yangu alizikwa kule kule Hanang alikokuwa anakukana, jirani na kihenge chake.

Miaka mingi baadaye nilialikwa harusi Morogoro, kwenye kanisa moja kubwa lenye vigae na vipaza sauti. Tulipofika mlangoni watu walisimama juani, wakaimba ubeti mzima kabla ya kuingia, na mke wa mchungaji akaitikia kutoka ndani. Nilimuuliza binti aliyekuwa anapanga watu kwa nini wanafanya hivyo. "Ni utaratibu wa kanisa letu, mama. Upo kwenye katiba," alinijibu kwa heshima. "Sisi nje ni ulimwengu wenye dhambi, yule ndani ni neema inayotuita." Nilimwambia ni kweli. Ni kweli kabisa, na mimi nilijificha nyuma ya nguzo nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikimwona Bibi na kigoda chake, amekuja kulinda mpaka.

Mama Debora alipofariki, makao makuu walikuwa wameshatayarisha sehemu ya waasisi kando ya kanisa kuu, yenye marumaru na mnyororo. Watoto wake walisema hapana. Aliacha neno moja tu, na alilirudia kila alipougua: mnipeleke kwa mwanangu. Basi mabasi yakapanga foleni kwenye lami ya Katesh, yakakata kushoto, yakatifua vumbi mpaka pale. Mashamba siku hizi yamegawanywa, mahindi hapa, alizeti kule, na ngano kidogo. Kanisa la tofali lipo pale pale lilipokuwa banda. Nyuma yake yale mawe yalikuwepo, yamepakwa chokaa, na kaburi la pili limeshachimbwa kando.

Jeneza liliingizwa mapema, akalala mle ndani peke yake. Sisi tukabaki nje: maaskofu na majoho yao, kwaya na sare zao, wazee wachache wa kisima, na mimi. Hakuna aliyeamuru. Tulisimama palipokuwa na miiba, watu wa nchi nzima, tukaimba kwamba tumetoka mbali na miguu ina vumbi. Ubeti ukaisha. Mke wa askofu mpya alikuwa ameandaliwa, kipaza sauti mkononi, amesimama kizingitini ili aitikie. Akavuta pumzi.

Fundi Lazaro alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mzee sana, kofia magotini. Akainua mkono.

"Acha, mwanangu," alisema. "Mwenyewe yumo ndani."

Yule mama akashusha kipaza sauti. Tukanyamaza. Upepo wa mlimani ulipita, turubai la msiba likapigapiga, na mahali fulani mtoto akauliza kitu akanyamazishwa. Tuliuacha ubeti wote upite kimya, kwa urefu wake, mstari kwa mstari, na niliona midomo ya wale wazee inaufuata. Ulipokwisha, Fundi akaanza ule wa tatu kwa sauti iliyopasuka, tukampokea. Kisha tukaingia.